Mahali Imepatikana

Jirani yangu wa meza pale sokoni, dada mmoja anayeuza vitenge, anajiandaa kwenda Dubai kwa mara ya kwanza kutafuta mzigo. Juzi mchana, wateja walipopungua, aliniomba nimsikilize akisoma kwenye simu yake mambo ambayo mgeni wa mji ule anatakiwa kuyajua. Alisoma kwamba jua la jangwani si la kuchezea, mtu asizurure nje mchana. Akasoma kwamba hata nje kukiwaka moto, madukani na hotelini kuna baridi kali, kwa hiyo mgeni asisahau kubeba...

"Sweta," nikasema.

Akacheka, akaendelea. Ukipanda gari la kwenda kutembezwa kwenye vilima vya mchanga...

"Usile kwanza. Utatapika."

Akainua macho kwenye simu. "Heee! Kumbe mwenzangu ulishafika?"

Nikamwambia sijawahi hata kupanda ndege. Mteja akaja, maongezi yakaishia hapo. Lakini siku ile nilifunga meza yangu mapema, nikarudi nyumbani kwa miguu, taratibu, kama mtu aliyetoka kuonana na ndugu aliyepotea. Maelekezo yale niliyajua yote kwa kichwa nilipokuwa na miaka kumi na minne. Niliwafundisha wadogo zangu mpaka nao wakayajua. Kulikuwa na majuma kadhaa katika utoto wetu ambapo sisi watatu tulikuwa tunaondoka kwenda Dubai, na mimi sikuwa na shaka nalo hata kidogo.

Tuliishi Mabatini, kwenye chumba kimoja cha nyumba ya wapangaji iliyoegemea mwamba. Anayeijua Mwanza anajua ninachosema: mwamba ulikuwa ndio ukuta wetu wa nyuma, ndio kamba yetu ya kuanikia, na mchana ulipopata jua ulikaa na joto lake mpaka magharibi. Baba alifariki Winni, mdogo wetu wa mwisho, akiwa bado mchanga. Mama alitulea kwa sinia la dagaa wa kukaanga, akalibeba kichwani mitaa yote mpaka alipoanza kuugua. Alifariki mwaka ule ule nilioingia kidato cha kwanza. Deo alikuwa darasa la nne, Winni darasa la kwanza.

Matanga yalipoisha, ndugu waliondoka mmoja mmoja, akabaki baba mdogo, mdogo wake baba, aliyetoka Magu. Hakuwa mtu mbaya. Hilo naliandika mapema kwa sababu huko mbele msomaji anaweza kumchukia. Alikuwa na watoto wake wengi, shamba la mpunga lililokuwa likikauka, na sasa amerithi watoto watatu wa kaka yake. Alikuja kila baada ya wiki mbili na mfuko wa unga, akakaa kwenye kigoda mlangoni, akatuuliza.

"Habali za shule?"

"Nzuri. Shikamoo, baba mdogo."

"Malahaba."

Sisi watoto wa mjini tulikuwa tunamcheka. Wasukuma wengi waliokulia kijijini hawana r. Ikija, ulimi unaigeuza l. Barabara kwake ilikuwa balabala, haraka ilikuwa halaka. Deo alikuwa hodari wa kumwigiza. Akishaondoka tu, Deo angekalia kile kigoda, akunje uso, aniambie, "Modesta, funga mlango halaka, balidi inaingia," na Winni angecheka mpaka ajikojolee. Nami nilikuwa na kiburi changu. Kiswahili ndicho somo nililolipenda kuliko yote, na mwalimu wetu alikuwa ametoka kutufundisha ngeli. Alituambia neno *mahali* ni neno lenye makuu: halikubali kuvaa nguo za maneno mengine. Usiseme mahali nzuri, sema mahali pazuri. Usiseme mahali imepatikana, sema mahali pamepatikana. Nilijiona mlinzi wa neno lile.

Katika chumba cha jirani aliishi Dada Zena. Alikuwa amerudi kutoka Dubai mwaka uliotangulia, na kwetu sisi hakuwa mpangaji bali mgeni rasmi. Alikuwa na sanduku la matairi, chupa ya manukato iliyokwisha lakini bado inanukia, na namna ya kuzungumza kama mtu anayetazama mbali. Baada ya mama kufa, ndiye aliyekuwa akitupikia jioni za kwanza. Ili Winni ale, alimsimulia mji ule.

"Kuna duka," alisema, "humo humo ndani mna theluji. Watu wanateleza juu yake."

"Muongo!" Deo alisema.

"Niulize mimi. Nje jua linakausha mate mdomoni, ndani watu wamevaa makoti. Ndiyo maana mgeni lazima abebe sweta."

"Maji wanapata wapi jangwani?"

"Wanachota bahari, wanatoa chumvi. Mengine wanayarusha juu kwa mziki yanacheza."

Deo alifikiri. "Sisi tuna ziwa zima na bomba halitoki."

"Ndiyo ukajifunze huko wanafanyaje," Dada Zena akamwambia.

Basi likawa somo la kila jioni. Nilichukua daftari la Jiografia nikaligeuza nyuma, nikaandika alivyosema. Mgeni afunike mabega. Asimpige picha mtu asiyemjua, hasa mwanamke. Wenyeji wakiwa wamefunga, asile hadharani mchana. Kwenye treni kuna behewa la wanawake, asiingie la wanaume akajitia aibu, na humo asitafune chochote. Kwenye soko la dhahabu bei ya kwanza si bei. Hotelini asijaze sahani mara moja, chakula hakiishi, arudi tena na tena. Hili la mwisho Winni alinifanya nimsomee kila siku kabla ya kulala. Arudi tena na tena.

Siku moja nilimkuta baba mdogo amekaa na Dada Zena, akimuuliza kama huko alikokuwa wanachukua wasichana, na wa umri gani. Nilipita na ndoo yangu, sikusikia jibu. Lakini niliondoka na lile swali. Na Jumapili mbili baadaye baba mdogo alipanda juu ya mwamba, ndipo mtandao ulipokuwa ukishika, akawa anaongea na simu kwa sauti ya mtu anayedhani mwenzake yuko ng'ambo ya ziwa.

"Ndiyo! Ya Modesta imepatikana! Mahali imepatikana! Kubwa! Nzuli sana! Ukoo wetu hakuna aliyewahi kupata mahali kama hiyo!"

Nilikuwa chini, naanika sare. Nakumbuka maji yakinidondokea miguuni. Mahali imepatikana. Mahali kubwa, ambayo ukoo wetu hakuna aliyewahi kuipata. Kwa mara ya kwanza tangu mama afe nilihisi kifua kinafunguka. Kitu cha pili nilichofanya, na hili linaniuma hata leo, ni kumsahihisha kimoyomoyo. *Pamepatikana*, baba mdogo. *Pakubwa*. *Pazuri*.

Nimejiuliza mara nyingi ilikuwaje. Nilijua ulimi wake. Aliposema balabala nilisikia barabara bila kufikiri. Lakini balabala ni neno lililopinda, sikio linalinyoosha lenyewe. Hili lilifika limenyooka. Lilikuwa neno kamili, zuri, la darasani, na lilikuja wakati ninalitaka.

Alishuka mwambani, akanikuta nimesimama. "Umesikia?"

"Nimesikia, baba mdogo."

"Umefulahi?"

"Nimefurahi sana," nikasema, na ilikuwa kweli. Aliniwekea mkono kichwani. Nadhani naye alifungukwa kifua siku ile. Akaniambia wageni watakuja Jumamosi kuniona.

Wiki ile tulijizoeza. Mchana, tuliporudi kutoka shule, tulivua viatu na kutembea juu ya mwamba uliopata jua, tukihesabu hatua, ili nyayo zizoee jangwa. Winni alilia lakini hakukubali kushuka. Deo alikataa uji wa asubuhi akisema anazoea vilima vya mchanga. Niliwaambia huko nitafanya kazi kidogo, wao watasoma, na Ijumaa tutakwenda kwenye theluji. Sikuwa nawadanganya. Nilikuwa nawasomea daftari.

Jumamosi asubuhi niliwavalisha wote sweta. Yangu ilikuwa ya mama. Nguo zetu zilikuwa kwenye mfuko mmoja mkubwa wa plastiki, na daftari juu yake. Dada Zena alitoka kwenda sokoni, akashangaa kutuona tumevaa hivyo, nikamwambia kuna wageni, nitamweleza akirudi. Nilitaka kumpa habari ikiwa imekamilika. Niliwaambia Deo na Winni wakae chumbani kwake mpaka niwaite.

Wageni walikuwa wawili. Mmoja alikuwa fundi cherehani, mwenyeji wa Bukoba aliyehamia Magu, mtu wa maneno mengi. Ndiye aliyetangulizwa kuzungumza. Mwingine alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, kofia mpya ameiweka magotini. Niliwaamkia, nikaleta maji.

"Huyu ndiye?" fundi aliuliza.

"Ndiye mwenyewe," alisema baba mdogo.

"Mbona kavaa sweta na jua hili? Anaumwa?"

"Siumwi, baba. Nimejiandaa."

"Kajiandaa!" Fundi alipiga paja. "Sikiliza huyo! Wengine tunawabembeleza, huyu kajiandaa!"

Yule mpole alikohoa. Akauliza, bila kunitazama sana, "Unajua kukamua?"

Nikafikiri haraka. Jangwani, wanyama wa kukamua ni gani? "Ng'ombe niliwahi, kijijini," nikasema. "Ngamia nitajifunza."

Walicheka wote, hata baba mdogo. Fundi alifuta macho kwa kiganja. "Ngamia! Ndugu yangu, umepata mcheshi. Nyumba yako haitapoa."

Nami nikacheka, nikijua mambo yanakwenda vizuri. Nikauliza, "Tunaondoka lini?"

"Ukiwa tayari tu, mwanangu. Hata mwezi ujao."

"Na hati za kusafiria za wadogo zangu zimeshatoka?"

Kicheko cha fundi kilibaki mdomoni lakini sauti iliondoka. "Hati za kwenda Magu?"

"Za kwenda Dubai."

Alimgeukia baba mdogo polepole. "Mzee mwenzangu. Huyu binti hajaambiwa?"

"Ameambiwa! Amesikia kwa masikio yake, akafulahi. Nilisema mahali imepatikana."

"Mahari," alisema fundi. "Ulimwambia ni mahari?"

"Si ndiyo hiyo niliyosema? Mahali."

Wahaya wana r. Ile ya fundi ilitoka imeviringika, nzito, nikaisikia kama kitu kilichoangushwa sakafuni. Mahari. Mahari imepatikana. Mahari kubwa. Mahari nzuri. Kila neno lilikuwa limevaa nguo zake halisi tangu mwanzo. Baba mdogo hakukosea ngeli hata mara moja. Aliyekosea nilikuwa mimi.

Nilimtazama yule mwanamume mpole, na sasa niliona kofia ilikuwa mpya kwa sababu gani. Joto la sweta likanipanda shingoni. Nikauliza kitu kimoja tu. "Deo na Winni je?"

"Deo atakuja kwangu," alisema baba mdogo. "Winni atakwenda kwa shangazi yako Shinyanga. Ng'ombe ndio watakaowalea. Nimepanga vizuli, Modesta, hakuna atakayelala njaa."

Naamini alikuwa amepanga vizuri. Deo Magu, Winni Shinyanga, mimi kwa mtu huyu. Hesabu yake ilikuwa haina mtoto aliyebaki nje. Ila sisi watatu hatukuwamo.

"Mimi siendi," nikasema.

"Ulisema umefulahi."

"Nilifurahia mahali, baba mdogo. Sikufurahia mahari."

Fundi aliniuliza umri wangu, nikamwambia. Akamgeukia baba mdogo tena, na safari hii hakumwita mzee mwenzangu. "Uliniambia kamaliza shule huyu."

"Atamaliza..."

"Niko kidato cha kwanza," nikasema.

Yule mpole alivaa kofia yake. Alisema anaye binti wa kimo changu, na kwamba hakuja kumchukua mtoto anayelia. Mimi sikuwa nalia, lakini sikumsahihisha. Walitoka. Niliwasikia wakishuka kwenye vile vijia vya mawe, fundi akizungumza kwa hasira chini chini.

Baba mdogo alibaki kwenye kigoda. Sasa ndipo alipopandisha sauti. Ameaibishwa mbele ya watu. Amekwenda na kurudi kwa miguu yake, amebembeleza, amepata. "Na hawa wawili watakula nini? Nani atawalisha?"

"Mimi."

"Kwa kitu gani? Kwa daftali?"

"Kwa sinia la mama."

"Na shule?"

Nililijibu haraka, kabla sijapata muda wa kuogopa. "Nitaacha."

Nilidhani atanipiga. Badala yake alishika kichwa kwa mikono miwili, akakiinamisha, na alipozungumza tena sauti ilikuwa imeshuka. "Mimi sikukuuza, Modesta. Nilikutafutia mahali."

Mpaka anaingia kaburini sikumuuliza lipi kati ya yale maneno mawili alilikusudia siku ile. Huenda kwa ulimi wake, na kwa shida zake, yalikuwa neno moja.

Dada Zena aliporudi kutoka sokoni alinikuta nimekaa juu ya mwamba na sweta yangu. Nilimweleza. Alikaa karibu yangu mpaka jiwe likamuunguza, akasogea.

"Baba yenu mdogo aliniuliza juu ya kukupeleka huko," alisema. "Nilimjibu hapana. Nilimwambia bora umuoze." Akafunika mdomo kwa mtandio. "Sikujua atalichukua hivyo. Nilisema tu, kama watu wanavyosema."

"Lakini kule ni kuzuri, Dada. Theluji. Hoteli."

"Hotelini niliingia mara mbili, nimebeba mtoto wa watu. Sahani nilikuwa nazipanga, si za kwangu. Ule mji niliuona kupitia vioo nilivyokuwa nafuta, ghorofa ya saba." Alivuta pumzi. "Yale niliyowaambia ni mambo tajiri wangu alikuwa akiwaambia wageni wake wakifika. Kila mgeni, maneno yale yale. Niliyashika. Ni maneno mazuri, Modesta. Nilitaka mtu ayatumie."

Sikumkasirikia. Kwa namna fulani nilimwelewa vizuri zaidi kuliko nilivyowahi kumwelewa mtu mzima yeyote.

Waliokuwa wamebaki kuambiwa ni wale wawili. Walikuwa bado chumbani kwa Dada Zena, wamekaa kitandani bega kwa bega, jasho likiwatiririka, hakuna aliyevua sweta. Winni alikuwa ameshika mfuko wetu wa nguo.

"Wamekubali?" Deo aliuliza.

Ningeweza kuwaambia. Ningeweza kusema: wewe ungekwenda Magu kuchunga, huyu angekwenda Shinyanga, na mimi ningewaona kwenye misiba. Lakini mtoto akijua kwamba kulikuwa na mpango wa kumtenganisha na mwenzake, kila akisikia hodi ataogopa. Niliona afadhali wanichukie mimi.

"Nimekataa," nikasema.

"Umekataa nini?"

"Kwenda."

"Umekataa *Dubai*?"

"Ndiyo."

Winni alianza kulia kwa sauti ya chini, kama anavyolia mtu mzima. Deo hakulia. Alivua sweta, akaikunja vizuri, akaiweka kitandani. "Dada, wewe mjinga," alisema. "Mama angekuwepo tungekwenda."

Nikasema, "Labda." Kisha nikamwambia Winni anyanyue mikono, nikamvua sweta yake.

Deo hakunisemesha siku ile wala Jumapili. Alikula nilichopika, akageukia ukutani. Kwa miaka mingi aliamini hivyo, na mara nyingine, tukigombana, alinirushia: wewe ndiye uliyetunyima. Nilimwacha arushe.

Jumatatu asubuhi niliwaandaa kama kawaida. Siku zote tuliondoka pamoja. Nilikuwa nikiwavusha barabara kubwa mpaka upande wa shule yao, halafu mimi naendelea na mlima kwenda shuleni kwangu. Siku ile nilikuwa nimejifunga kanga, na sinia la mama nilikuwa nimelisugua kwa mchanga mpaka likang'aa. Tulipofika barabarani, Deo alinitazama kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Alianzia miguuni akapanda.

"Sare yako iko wapi?"

"Nimeiweka."

"Leo huji shule?"

"Siji."

"Kesho?"

Magari yalikuwa yanapita, tukangoja. Aliangalia sinia, akaangalia kanga, akaangalia sinia tena. Barabara ilipotulia, alinyoosha mkono akaushika wa Winni, ule ambao siku zote niliushika mimi, akatazama kulia, akatazama kushoto, akavuka naye.